Soma Pale Muziki Unapoishia

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule mlangoni kwa kukosa viti: asanteni kwa kunialika jioni hii. Niliombwa nizungumzie kazi ya kusaka santuri adimu, na nikaombwa nije na ile ninayoithamini kuliko zote. Nimekuja nayo. Ndiyo hii.

Mnaiona kutoka huko nyuma? Ni sahani ndogo ya inchi 7, ya kuzunguka mara 45 kwa dakika. Pale katikati, panapotakiwa kuwa na karatasi yenye jina la wimbo na la mwimbaji, pamebaki uwazi. Karatasi ilibanduka zamani. Nikiipeleka kwa muuza santuri yeyote atanirudishia, hata nikimpa bure. Ilikuwa ya marehemu baba yangu. Baba alikuwa baharia hapa Mombasa, alifariki nikiwa na miaka 6, na hii ilikuwa ndani ya sanduku lake la bati pamoja na wembe, tasbihi na picha mbili. Naiweka hapa mezani. Tutaifikia.

Ninachokusanya ni soul: muziki wa Wamarekani Weusi wa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970. Ulizaliwa kanisani, ukatoka nje kuimba mapenzi na taabu, lakini haukuiacha ile tabia ya kanisani ya mmoja kuita na wengi kuitikia. Wakubwa wake mnawajua. Mimi nawafuata zaidi wale ambao hamkuwahi kuwasikia: kijana aliyeingia studio mara moja tu Detroit au Chicago, akaimba kama mtu atakayekufa kesho, wakachapa santuri mia chache, redio ikazipuuza, naye akarudi kazini kwenye kiwanda cha magari. Hao walikuwa wengi sana. Kwa wengine, kitu pekee kilichobaki duniani kuonyesha kwamba waliimba ni sahani kama hii.

Niliingia katika mambo haya kwa bahati. Mwaka 1994 nilikwenda Manchester kusomea uhandisi, na Jumamosi nilipata kibarua kwenye duka la vitu vya mitumba. Kazi yangu ilikuwa kumwaga magunia ya santuri sakafuni na kuzipanga. Mwenye duka alikuwa mzee mkimya, mchezaji dansi wa zamani, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa kucheza. Siku ya kwanza alinikuta nikisoma zile karatasi za katikati, akanishika mkono. Karatasi inaweza kudanganya, akaniambia. Soma pale muziki unapoishia.

Nitawaeleza alikuwa na maana gani. Ila kwanza mfahamu kwa nini mtu wa Manchester ashughulike na nyimbo za Detroit kiasi hicho.

Kaskazini mwa Uingereza ilikuwa nchi ya viwanda vya pamba na migodi ya makaa ya mawe. Miaka ya 1960 vijana wa huko walipenda soul ya kasi, yenye mdundo wa kukimbiza miguu. Ladha ya dunia ikabadilika, London wakahamia kwenye mambo mapya, lakini wa kaskazini wakakataa kuhama. Dave Godin, aliyekuwa na duka la santuri London, aliona mashabiki wa mpira waliokuja kutoka kaskazini kuangalia timu zao wakipita dukani kuulizia mdundo uleule wa zamani. Akawaambia wasaidizi wake: hawa wakija, wapigieni "soul ya Kaskazini". Mwaka 1970 aliliandika jina hilo gazetini, na limekaa mpaka leo, ingawa nyimbo zenyewe karibu zote zilirekodiwa Marekani. Ni jina la wasikilizaji, wala si la waimbaji.

Walikuwa na kumbi zao. Twisted Wheel pale Manchester, Golden Torch kule Stoke-on-Trent, Blackpool Mecca, na iliyovuma kuliko zote, Wigan Casino, iliyoanza mikesha yake Septemba 1973 na kufungwa Desemba 1981. Watu waliingia usiku wa manane na kutoka asubuhi. Pombe haikuuzwa. Sakafu ilinyunyiziwa poda ili viatu vya soli ya ngozi viteleze vizuri. Aliyekuwa chini ya mgodi Ijumaa, Jumamosi usiku alikuwa akizunguka kama pia.

Sasa, nyimbo za kasi za mwaka 1965 na 1966 hazikuwa zikirekodiwa tena, na za kawaida kila mtu alishazichoka. Ilibidi zitafutwe zile ambazo hazikuwahi kusikika. Wafanyabiashara na wachezesha santuri wakavuka bahari, wakaingia maghala ya Detroit, Chicago, Philadelphia, wakanunua kwa senti chache santuri zilizorudishwa na maduka kwa kukosa wanunuzi. Nyingine zilikuwa zimetobolewa kwa keekee kwenye karatasi, alama kwamba zimeondolewa sokoni. Kilichokufa Marekani kikafufukia Wigan.

Nianze na kisa ambacho kila mkusanyaji wa soul anakijua. Kampuni ya santuri ya Motown ilianzishwa Detroit mwaka 1959 na Berry Gordy, kwa mkopo wa dola 800 kutoka kwenye akiba ya ukoo wao, yaani ule mchango ambao sisi tungeuita chama. Studio ilikuwa nyumba ya kawaida, namba 2648 West Grand Boulevard. Mwaka 1965 mmoja wa watunzi wake, Frank Wilson, alirekodi wimbo aliouimba mwenyewe, "Do I Love You (Indeed I Do)", utoke kwenye lebo ndogo, yaani chapa, ya kampuni hiyo iliyoitwa Soul. Nakala za kupelekea watangazaji wa redio zikachapwa. Kisha wimbo ukafutwa kabla ya kutoka. Inasimuliwa kwamba Gordy alimuuliza Wilson anataka kuwa mwimbaji au mtayarishaji, naye akachagua kutayarisha. Nakala zikaharibiwa.

Zilizosalia ni za kuhesabu kwa vidole vya mkono. Miaka ya 1970 wimbo ulifika Uingereza, na kwa muda ulichezwa kwa jina la uongo la Eddie Foster, ambaye alikuwa mwimbaji mwingine kabisa, hai na mwenye nyimbo zake. Ukweli ulipojulikana, msako ukaanza. Mwaka 2009 nakala moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni 25,000.

Watu nikiwasimulia hushika ile bei. Nawaomba mshike yule mtu. Wilson alifanya alichochagua: alitunga na kutayarisha nyimbo za The Supremes na Eddie Kendricks, baadaye akaacha Motown na kuwa mhubiri, akafariki mwaka 2012. Sauti yake ya ujana ilikuwa imehukumiwa na kutupwa na kampuni yake mwenyewe. Waliokata rufaa kwa niaba yake ni wachimba makaa ambao hakuwajua wala hawakumjua.

Na lile jina la uongo? Hapo nina neno, na marafiki zangu wa kule hawalipendi. Mchezesha santuri aliyepata wimbo ambao mwenzake hana alikuwa akibandika karatasi nyeupe juu ya ile karatasi ya katikati na kuandika jina la kubuni, ili wapinzani wasijue waanzie wapi kutafuta. Waliuona kama mchezo wa werevu. Mimi naona walimnyang'anya mwimbaji jina mara ya pili. Mtu tayari hakulipwa, tayari amesahaulika, na siku watu 1,000 wanapocheza wimbo wake kwa machozi ya furaha, jina linalotajwa ni la hewani. Ndiyo maana nawaheshimu zaidi wale waliofanya kazi ya kinyume: kubandua karatasi nyeupe, kuuliza, kupiga simu, kutafuta ni nani hasa aliyeimba, nani alipiga besi, nani alilipia studio, na nani mwenye haki leo.

Kazi hiyo huanzia kwenye ule ukanda laini ulio kati ya mfereji wa mwisho na karatasi. Ishikeni sahani yoyote hivi, chini ya taa, muiinamishe kidogo mwanga uje kwa ubavu. Mtaona namba na herufi ndogo zilizokwaruzwa au kugongwa. Huko kwa wenzetu pana jina lake, huitwa nta iliyokufa. Mimi huona ndipo palipo na uhai zaidi.

Santuri inatengenezwa hivi. Fundi huchonga sauti kwenye sahani laini ya laka, kisha kwa mkono wake, kwa ncha ya chuma, hukwaruza namba ya wimbo pale pasipo na muziki. Sahani hiyo hupakwa madini, hutolewa umbo la chuma, na umbo hilo ndilo linalokandamiza plastiki ya moto kiwandani. Kwa hiyo mwandiko wa fundi unaoonekana kwenye nakala yako ni mwandiko halisi wa mtu fulani, siku fulani, chumba fulani. Karatasi inaweza kuchapwa upya na tapeli yeyote. Mwandiko ule ni mgumu kuigiza.

Viwanda navyo viliweka alama. Ukiona herufi ARP zimegongwa, hiyo imetoka American Record Pressing, kiwanda cha mji mdogo wa Owosso, Michigan, kilichochapa santuri nyingi za Motown mpaka kilipoungua mwaka 1972. Ukiona maneno Bell Sound, sahani ya kwanza ilichongwa New York. Ukiona Nashville Matrix, umbo la chuma lilipitia Nashville. Na ukiona herufi MR ndani ya duara, pamoja na pembetatu ndogo na namba kando yake, umefika Los Angeles, kwa Monarch. Namba za Monarch zilikwenda kwa mfuatano, kazi baada ya kazi, na wakusanyaji kwa miaka mingi wamezilinganisha na tarehe za kutoka kwa nyimbo, mpaka leo mtu anaweza kuitazama pembetatu akakutajia majira ambayo sahani ilichapwa. Ikumbukeni pembetatu hiyo.

Hata plastiki inasema. Kuna vinili, ambayo hukandamizwa, na karatasi yake huingia ndani ya plastiki kwa joto, bila gundi. Na kuna polistirini, nyepesi na kavu, ambayo humiminwa kwenye umbo ikiwa ya maji. Karatasi yake hubandikwa baadaye kwa gundi. Ukiigonga kwa kucha, vinili hutoa mlio mzito na polistirini hulia kama kigae. Polistirini huchakaa upesi. Sindano mbovu ikipita mara chache, sauti inakuwa kama mtu anayekaanga samaki. Na katika hewa yetu ya pwani, yenye chumvi na unyevu, ile gundi haidumu.

Niliyajua haya baada ya kuchomeka. Mwaka wangu wa pili Manchester nilinunua santuri moja ya Detroit kwa mtu niliyemwamini. Nililipa kodi yangu ya mwezi mzima. Karatasi ilikuwa safi, rangi sawasawa, jina sawasawa. Nikaipeleka kwa mzee wangu nikitembea kama bwana harusi. Hakuitia hata kwenye kinanda cha santuri. Akaiinamisha chini ya taa, akanirudishia, akaendelea kunywa chai. Nakala za kweli za wimbo ule zilikuwa na alama ya kiwanda iliyogongwa kwa mashine. Yangu ilikuwa na namba tu, imekwaruzwa kwa mkono, tena mkono wa haraka. Ilikuwa bandia, imechapwa miaka kumi baadaye na mtu ambaye hakumlipa mwimbaji hata senti. Bado ninayo. Nilipunguza kula, nikanunua kioo cha kukuzia.

Na wakati mwingine karatasi ndiyo iliyobeba kisa chote. Darrell Banks aliimba "Open the Door to Your Heart" mwaka 1966. Marekani ilitoka kwenye lebo ya Revilot ya Detroit na ikapendwa. Nakala zake zipo tele, huhitaji kuuza ng'ombe. Uingereza ilitoka kwenye lebo ya Stateside, nazo zinapatikana. Lakini kabla ya Stateside, kampuni nyingine, iliyoitwa London, ilikuwa imeanza kuuchapa wimbo huohuo, ikagundulika haki si yake, ikalazimika kuacha na kuharibu. Mwaka 2014 nakala ya dukani ya lebo ya London ilijitokeza, ikauzwa kwa zaidi ya pauni 14,000. Wimbo uleule, sauti ileile. Tofauti ni karatasi inayothibitisha kwamba mahali fulani wanasheria waligombana. Banks mwenyewe aliuawa kwa risasi Detroit mwaka 1970, akiwa kijana.

Wahenga wamesema mali bila daftari huisha bila habari. Historia ya lebo hizi ni hiyo. Chukueni Shrine, ya Washington, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1960 na Eddie Singleton na mkewe Raynoma, ambaye kabla ya hapo alikuwa mke wa Berry Gordy na mmoja wa waliosaidia kuijenga Motown tangu siku za mwanzo. Walikuwa na waimbaji wazuri na hawakuwa na fedha wala njia ya kufika redioni. Lebo haikumaliza miaka mitatu. Wanaoifuatilia husimulia kwamba shehena ya santuri zake iliteketea kwenye ghasia za mwaka 1968, baada ya kuuawa kwa Martin Luther King. Leo ni mojawapo ya lebo za soul zinazosakwa zaidi duniani. Nakala inayopatikana huenda imetoka kwenye kabati la mtu aliyeinunua wakati ule bila kujua anaokoa nini.

Au chukueni wapigaji. Kwenye nyimbo za Motown besi inayowatikisa ni ya James Jamerson. Kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa popote kwenye santuri hizo. Lilikuja kuandikwa mwaka 1971, kwenye jalada la albamu ya Marvin Gaye. Tunajua leo ni yeye aliyepiga kwa sababu kuna watu waliokaa na wazee wa studio, wakasikiliza, wakauliza, wakalinganisha.

Na kuna waliorudisha kitu mkononi mwa wenyewe. Mjini Columbus, Ohio, mtangazaji wa redio Bill Moss alikuwa na lebo ndogo iliyoitwa Capsoul, mwanzo wa miaka ya 1970, ikafa na nyimbo zake zikafa nayo. Mwaka 2004 Numero Group, kampuni changa ya Chicago, ilimtafuta, ikafanya naye mkataba, na ikazitoa upya kwa jina lake, pamoja na historia yake yote. Hilo ndilo toleo lao la kwanza kabisa. Moss aliishi kuliona.

Kwa nini haraka? Kwa sababu ya moto. Juni 1, 2008, ghala moja liliungua Hollywood, ndani ya eneo la studio za Universal. Wakati ule dunia iliambiwa zimepotea filamu. Ilikuwa mwaka 2019 ndipo gazeti la New York Times lilipoandika kwamba ndani yake mlikuwa pia na kanda mama za muziki, yaani rekodi za asili, kwa wingi wa kutisha, zikiwamo za Chess, lebo kubwa ya Chicago. Kampuni ikabisha kiasi cha hasara. Nilisoma habari ile nikiwa nimeketi kitandani, nikashika tama mpaka alfajiri. Kanda mama ikiungua, anayebaki shahidi ni sahani iliyoko kwa mtu. Kwa mkusanyaji. Kwa ajuza wa Cleveland aliyeifungia sandukuni. Kwa baharia.

Nije nyumbani. Msidhani mambo haya ni ya kwao huko. Soul ilifika kwetu na ikaogopwa. Mwaka 1969 wakuu wa Dar es Salaam waliupiga marufuku muziki wa soul kwenye kumbi, kwa kuona unawapotosha vijana. Mtu hapigi marufuku kitu kisichopendwa. Na nyimbo zetu nazo zilisafiri. Siku moja kwenye yale magunia ya Manchester niliokota santuri ya bendi ya Kiingereza, The Tremeloes, ya mwaka 1968, wimbo wake "Helule Helule". Niliketi palepale sakafuni. Mtunzi wake ni Daudi Kabaka wetu, wa Nairobi, aliyerekodi kwenye studio ya Equator. Wafanyakazi wenzangu walikuwa wameucheza utotoni bila kujua umetoka wapi.

Nairobi ilichapa santuri tangu miaka ya 1950, na bendi za Tanzania zilipanda basi kwenda kurekodi huko. Hapa hapa Mombasa, Assanand na wanawe walikuwa na lebo ya Mzuri, na taarabu ngapi zilipita mikononi mwao! Daftari za hizo ziko wapi? Nani alipiga udi, nani alipiga tabla, siku gani, chumba gani? Waingereza wamekaa miaka hamsini wakiandika nani alipiga ngoma kwenye santuri ya Detroit iliyochapwa nakala mia tatu, nami nimewasaidia kwa furaha. Roho inaniuma kwamba za mtaani kwetu zinauzwa kwa kilo, au zinayeyushwa na kugeuzwa vishikio vya maua kwenye vibanda vya watalii. Ombi langu kwenu ni dogo. Mkiwa na sahani nyumbani, hata iliyovunjika, kabla ya kumpa mtu, piga picha karatasi yake, kisha iinamishe chini ya taa, nakili kila herufi ya pale muziki unapoishia, na umuulize mzee aliyepo: hii ilinunuliwa wapi, na nani, mwaka gani. Andika jibu hata kama ana shaka nalo.

Sasa hii ya mezani.

Nyumbani kwetu kulikuwa na ubishi wa miaka. Mama alikuwa akisema baba alifika Marekani. Shangazi, dada yake baba, akisema kaka yake alipenda kupiga chuku, hakuvuka Bombay, na sahani aliinunua dukani kama watu wengine. Mwaka 1997 nilirudi likizo, na nikaifungua ile bati kwa mara ya kwanza nikiwa na kioo changu cha kukuzia. Wimbo nilikuwa naujua siku zote. Ni Otis Redding, "(Sittin' On) The Dock of the Bay". Wimbo wa mtu aliyeketi gatini akitazama meli zikiingia na kutoka. Baharia aununue upi mwingine?

Redding alimalizia kurekodi wimbo huu mapema Desemba 1967, mjini Memphis, kwenye studio ya Stax. Jengo lilikuwa la sinema ya zamani. Wenyewe walikuwa ndugu wawili, Jim Stewart na dada yake Estelle Axton, aliyeweka nyumba yake rehani ili wanunue mashine ya kurekodia; jina la Stax limetokana na herufi za mwanzo za majina yao ya ukoo. Tarehe 10 ndege ya Redding ilianguka ziwani Wisconsin. Alikuwa na miaka 26. Santuri ilitoka Januari 1968 kwenye lebo ya Volt, dada wa Stax, na machipuko ikawa ya kwanza Marekani nzima, mwimbaji yuko kaburini. Miezi hiyohiyo Atlantic, kampuni iliyokuwa ikiwasambazia Stax, ilikuwa imeuzwa kwa Warner, na ndipo Stewart aliposoma vizuri mkataba alioutia saini miaka michache nyuma: kanda mama zote za miaka yao pamoja hazikuwa zake. Zilikuwa za Atlantic. Pamoja na hii. Kwa hiyo wimbo huu ni wa kuaga mara mbili.

Santuri hii si adimu. Ilichapwa kwa wingi, viwanda tofauti. Lakini siku ile niliigonga kwa kucha, ikalia kama kigae. Polistirini, ndiyo maana hewa ya Mombasa iliivua karatasi. Nikawaomba wasogeze taa ya chemli, umeme ulikuwa umekatika. Nikainamisha. MR ndani ya duara. Kando yake, pembetatu, na namba.

Nilimweleza mama na shangazi kama ninavyowaeleza nyinyi. Los Angeles, mwanzoni mwa 1968. Kwa kawaida zilizouzwa kwetu hazikuwa hizi. Mama hakusema neno, alijifunga kanga upya tu. Nami nililazimika kuongeza, kwa sababu mzee wa Manchester alinifunza kutovuka ushahidi: pembetatu inasema sahani ilitoka California, haisemi nani aliibeba. Angeweza kuipata kwa baharia mwenzake, bandari yoyote. Shangazi aliichukua mkononi, akaigeuza, akaitazama muda mrefu. Akaniambia, "Basi andika. Andika hivyohivyo ulivyosema."

Nikaandika, kwa penseli, kwenye mfuko wake wa karatasi. Ngoja niwasomee: "Imechapwa na Monarch, Los Angeles, mapema 1968. Ilikuwa ya baba. Mama anasema aliinunua mwenyewe. Mombasa, 1997." Chini yake kuna mstari mwingine, si mwandiko wangu. Shangazi aliuongeza usiku ule tulipokwenda kulala: "Dada yake pia anasema hivyo."

Kijana wangu, nisaidie na hicho kinanda. Ina mikwaruzo mingi, naomba mnivumilie. Mwishoni kabisa kuna mluzi.